Nilipanda mnara wa kengele kwa nusu bei, nikasimamisha palizi ya vijiji vitatu

Wakuu, salamu kwenu, mlioko kazini na mliojificha chooni na simu.

Kuna jambo limenikaa kifuani tangu msimu wa palizi uliopita. Nimewahi kulisimulia kwa mtu mmoja tu, naye alinikatiza katikati akaniuliza kama nilipigwa. Sikupigwa. Leo naliweka lote hapa, chumvi sitaongeza, na pale nilipofanya ujinga nitasema nilifanya ujinga.

Majina nimebadilisha. Kijiji sitaji, parokia sitaji. Mkifika mwisho mtaelewa kwa nini, kwa hiyo asinifuate mtu PM kuniuliza.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni karani wa mizigo pale Isaka, bandari kavu. Nashinda juani nakagua makontena yanayoshuka kwenye treni na kupanda malori ya kwenda magharibi. Wenzangu kazini wananiita Bajeti. Ni mtu ambaye nikiingia kwa mama ntilie naagiza ugali maharage, halafu naomba kuongezewa mchuzi mara tatu, na ya nne naomba kwa macho.

Sijivunii, ila sijifichi.

Ugonjwa wangu mwingine ni kutalii. Watu wengi huku kwetu wanadhani mtalii ni mzungu mwenye kofia na suruali ya mifuko kumi. Mimi natalii kwa basi na bodaboda. Nimeshafika mwalo wa Nkome nikashinda siku nzima naangalia dagaa wanavyoanikwa, bure kabisa, na samaki nikapewa. Nimeshapanda vilima, nimeshakaa kwenye madaraja ya zamani. Sheria yangu ni moja tu: mahali pasiwe na kiingilio, au kama kipo kiwe cha kujadiliana.

Sasa dereva mmoja wa lori akanipa stori. Akasema upande wa Bukombe kuna misheni ya siku nyingi, ina mnara wa kengele wa matofali ya kuchoma, ukifika juu unaona mashamba na misitu mpaka macho yanachoka. Nikamuuliza kiingilio. Akasema hajui, yeye aliuona kutoka barabarani.

Nikapata likizo ya siku saba mwezi wa kwanza. Nikapanga: siku moja mnara, zilizobaki nalala nyumbani. Basi la alfajiri, nikashuka barabara kuu, nikachukua boda ya kuingia ndani. Tope lilikuwa la kutosha, mvua zilikuwa zimekolea, na kila upande watu wameinama mashambani wanapalilia mahindi.

Nilifika kama saa nne na nusu asubuhi.

Mnara ni mzuri wakuu, nisiwe mnafiki. Umesimama pembeni ya kanisa, mrefu, mwekundu, una madirisha membamba juu. Nikauzunguka mara mbili napiga picha. Mlango ulikuwa na kufuli.

Mshika ufunguo ni mama mmoja anakaa nyumba ya nyuma ya kanisa. Nitamwita Mama Kulwa, ana mapacha wakubwa wameshaoa. Nilimkuta uani kwake amepiga magoti anageuza michembe kwenye mkeka, vile viazi vya kukatwa vikaanikwa. Mrefu, mkono wa kazi, anaongea polepole kama mtu anayepima maneno kwenye kopo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu."

Nikamwambia shida yangu. Akanieleza utaratibu: mgeni anapanda na yeye, anaelezwa historia na namna kengele inavyofanya kazi, halafu anatoa sadaka ya kusaidia paa la kanisa. Yenyewe haikuwa hela ya kumuumiza mtu. Soda mbili tatu hivi.

Lakini Bajeti ni Bajeti.

Nikamwambia, "Mama, mimi maelezo sihitaji. Nahitaji kupanda tu. Sasa maelezo yakitoka, si na sadaka inapungua?"

Akanitazama. Akacheka kidogo, siyo kwa kufurahi, kile kicheko cha mama anapoona mtoto wa mtu. "Haya baba. Toa nusu. Michembe yangu yenyewe mvua inaninyemelea. Ila kamba usiiguse."

"Kamba siigusi mama, naapa."

Akanipa ufunguo. Wakuu, niliondoka pale najiona mjanja kweli.

Ngazi ni za mbao, zinalia kila ukikanyaga, na popo ndio wenyeji. Nikafika juu natweta. Kengele ndiyo hiyo, kubwa, nyeusi, naweza kuingia ndani yake nikachuchumaa. Kamba imeshuka kutoka kwenye gurudumu lake, inapita kwenye tundu la sakafu kwenda chini. Nikaikwepa kama nyoka. Nimeahidi, nimeahidi.

Pembeni, kwenye ukuta, kulikuwa na nyundo imetundikwa kwenye msumari. Nyundo ya chuma, mpini mrefu uliolainika kwa kushikwa, na kitambaa cheupe kimefungwa hapo karibu na kichwa.

Nikaifikiria ile nyundo. Mama kasema kamba. Nyundo hakuna aliyeitaja.

Mnaona akili inavyofanya kazi ikitaka kufanya jambo?

Nilitaka video ya status, mimi nagonga kengele ya zamani, mashamba yanaonekana nyuma. Nikaegesha simu dirishani, nikachukua nyundo, nikagonga.

Aisee, ile sauti. Inaanzia kwenye kengele, inapita kwenye meno, inashuka mpaka kwenye magoti. Nikaiacha ife yenyewe taratibu. Nikaangalia simu, kumbe imenikata kichwa. Nikarudia. Nikasubiri mlio uishe. Mara simu ikadondoka. Nikarudia. Mara jua limeingia kwenye lenzi. Kila nikigonga nasubiri mlio uishe kabisa ndipo nagonga tena, maana nilitaka kila video iwe safi.

Ya saba ndiyo iliyotoka vizuri.

Nikarudisha nyundo, nikaenda dirishani kulisha macho. Na hapo ndipo nikaona kitu sijawahi kuona. Watu wote waliokuwa wameinama mashambani walikuwa wamesimama. Wote. Mashamba ya karibu na ya mbali kule mpaka kwenye tumbaku. Halafu mmoja mmoja wakalaza majembe chini, wakaanza kutembea. Wanakuja kwenye vijia vyote, wanawake wanajifunga kanga viunoni huku wanatembea, wote wanaelekea kanisani.

Nikadhani kuna ibada ya mchana.

Nikawapungia mkono, wakuu. Na hilo nalo nililirekodi.

Mara nikasikia ngazi zinalia. Mama Kulwa alipanda zile ngazi kama msichana, kitambaa cha kichwa kimeanguka shingoni. Akanishika bega.

"Nani? Nani kafa?"

"Wapi mama?"

"Nakuuliza amekufa nani! Nani kakuambia upige?"

Nikamwonyesha simu. "Hakuna mama. Nilikuwa narekodi video."

Aliangalia nyundo. Akaniangalia mimi. Akakaa chini kwenye ile sakafu yenye kinyesi cha popo, akaweka mikono kichwani.

Maelezo niliyoyakwepa kulipia nikapewa hapo hapo, bure. Kamba ni ya misa. Kamba inayumbisha kengele, inalia harakaharaka. Nyundo ni ya msiba. Inagongwa polepole, mlio unaachwa uishe. Sita ni mwanamke. Saba ni mwanamume. Watoto wana hesabu yao. Na ikishaanza hakuna anayeikatiza, hata yeye alisimama uani akahesabu. Mtu akifia mbali, hospitalini au machimboni, ndugu hawapigi simu nyumbani kwa mama yake. Wanampigia Mama Kulwa. Yeye anapanda, anagonga, halafu anatembea kwa miguu mpaka kwenye ile nyumba kupeleka jina. Waliofika kanisani wanamfuata nyuma, kwa hiyo jina likifika mlangoni mama hayuko peke yake.

Na ikigongwa, majembe yanalazwa, hayanyanyuliwi tena siku hiyo.

"Mbona hukunikataza nyundo?" nikamuuliza. Nilikuwa nimeanza kuogopa, na mtu akiogopa anatafuta wa kumlaumu.

"Baba, nyundo hakuna mtu anayeigusa. Kukukataza nyundo ni kama kukukataza kujilaza kaburini."

Nikamwomba agonge kitu chochote, mlio wa kufuta, wa kuwaambia watu imekuwa makosa.

"Haina kufuta," akasema. "Aliyegonga ndiye anayepeleka jina. Ndivyo tunavyofanya. Umegonga wewe, utapeleka wewe."

"Nipeleke jina gani na hakuna aliyekufa?"

"Utapeleka hivyo hivyo."

Tukashuka. Uwanja wa kanisa ulikuwa umeshaanza kujaa. Wanaume wamekuja na vigoda, wanawake wengine wameshabeba unga kwenye beseni. Wote wanamtazama Mama Kulwa mdomoni. Yeye akanisukuma mbele.

Sauti yangu hata siikumbuki. Nilisema mimi ni mgeni, nimegonga kwa kutokujua, hakuna aliyefariki, naomba radhi.  Halafu minong'ono ikaanza, na neno moja nililisikia waziwazi likizunguka: uchuro. Wengine walitaka kucheka kwa ule unafuu wa moyo, wengine walitaka kunipasua. Mzee mmoja akauliza kwa upole kabisa, "Sasa kijana, shamba langu leo atalipalilia nani?"

Ndipo mama mmoja akaja mbio kutoka upande wa chini, analia.

"Mama Masanja ameshaanza kilio."

Watu wote wakanigeukia. Mama Kulwa akafumba macho.

Hapa lazima niwaeleze huyu Mama Masanja ni nani, maana ndiye mwenye hiki kisa, mimi ni mharibifu tu.

Ni mjane. Masanja ndiye kijana wake wa pekee, wengine mabinti wameolewa mbali. Mume wake alipofariki aliacha ng'ombe wanne wa plau, na kwa mkulima wa huku hiyo ndiyo mikono na miguu yake. Masanja akawauza wawili bila kumwambia mama yake, akaenda upande wa Geita kuchimba. Akaingia kwenye duara na wenzake, yaani shimo la dhahabu. Mama alipoamka akakuta zizi limebaki nusu. Akaapa kwamba Masanja asikanyage kwake mpaka aje anaswaga ng'ombe wa baba yake mbele.

Duara likatitia. Masanja alitolewa hai, nyonga na mguu vimevunjika, akapelekwa hospitali ya Mwanza. Siku hiyo ninayowaambia alikuwa na wiki ya sita kitandani. Mkewe ndiye anamuuguza. Majirani walishamwendea mama mara tatu kumsihi akamwone mtoto. Akakataa. Wakamwambia hata simu. Akakataa.

Huyo ndiye aliyekuwa shambani peke yake anapalilia, akasikia kengele, akahesabu mpaka saba.

Nilitembea kwenda kwake na Mama Kulwa. Watu walitufuata nyuma.

Tulimkuta ameketi chini mlangoni, miguu ameinyoosha, tope la shambani bado liko kwenye magoti, kitambaa kimemtoka kichwani. Alikuwa analia kwa Kisukuma, analia na kuongea. Nilisikia jina la Masanja tu na neno ng'ombe. Mama Kulwa aliniambia baadaye alichokuwa anasema. Alikuwa anasema wachukue na wale wawili waliobaki, wachukue wote, yeye ng'ombe wa nini.

Mama Kulwa akapiga magoti, akamshika mikono, akamwambia mtoto wako hajafa. Yule mama wala hakunyamaza. Mama Kulwa akanisogeza mimi. Nikapiga magoti kwenye lile tope.

"Mama, shikamoo. Ni mimi niliyegonga kengele. Nilikuwa nachezea, sikujua. Masanja hajafa. Hakuna aliyekufa."

Akanyamaza. Akanitazama usoni.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni mgeni mama. Mtalii."

"Mtalii." Akageuka kwa Mama Kulwa. "Mmetafuta mgeni ili anidanganye. Kwa sababu nyie macho yenu nayajua."

Nikaanza kuapa. Akaniinulia mkono.

"Mwanangu, hayo maneno nayajua. Hajafa, anaumwa tu. Mimi mwenyewe nimeshayasema kwenye nyumba za watu. Nimemwambia mama wa mtu anaumwa tu, huku nyuma sanduku liko njiani."

 Wakuu, mnajua na nyie, ndivyo tunavyofanya. Mtu akifiwa tunamwambia njoo haraka, mgonjwa amezidiwa. Huruma yetu yote imejengwa hivyo. Sasa nilikuwa nimebeba ukweli mtupu, na ukweli wenyewe umevaa nguo za uongo wetu wa kila siku.

Nikawaambia pigeni simu Mwanza. Simu ya Masanja ilibaki shimoni, na ya mkewe inaita, haipokelewi. Inaita, haipokelewi. Mara ya tano hivi ikawa haipatikani kabisa. Kila ikikata, yule mama anatikisa kichwa taratibu, kama anasema mnaona.

Na mimi, nisiwafiche, nilianza kuogopa kitu kingine. Vipi kama kweli? Vipi kama katika saa hiyo hiyo kitandani kule kimetokea kitu? Niliona wenzangu pale wanawaza hivyo hivyo. Kile kilio kilichokuwa kimepoa kikaanza tena pembeni, kwa sauti ya chini.

Tulikaa hivyo zaidi ya saa nzima. Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyenitukana. Mtu mmoja alinisogezea kigoda. Nilitamani wangenipiga.

Katikati ya huo muda Mama Masanja akaniambia kitu bila kunitazama. Nadhani aliniambia mimi kwa sababu nilikuwa mgeni.

"Ilipofika sita niliomba iishie hapo."

Nikasema, "Ndiyo mama."

"Unaelewa nilichoomba? Sita ni mtoto wa kike wa mwenzangu. Na mimi nina mabinti watatu. Nikaomba iishie hapo."

 

Saa saba na kitu simu ya Mama Kulwa ikalia. Ni mke wa Masanja. Alikuwa amekwenda kufua, simu ameiacha chaji kwa mtu, naye akaizima. Mama Kulwa akamwambia neno moja tu, mpe mumeo. Akaweka sauti ya nje, akampa yule mama mkononi.

Ikaja sauti ya kijana, nzito ya usingizi wa dawa. "Haloo?"

Mama akaitazama ile simu.

"Haloo? Nani? Mama Kulwa?"

 Watu karibu hamsini pale uani na huwezi kusikia hata kuku.

"Mama?" akasema Masanja. "Ni wewe mama?"

 Mama akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama jana yake tu walikuwa wote jikoni:

"Umekula?"

 Upande wa pili tukamsikia yule mwanaume analia. Analia vibaya, kama mtoto.

"Nimekunywa uji mama."

"Uji wa nini?"

"Wa sembe tu."

"Uji wa sembe ndio wa kuunga mfupa? Subiri nakuja." Akamrudishia Mama Kulwa simu, akajifunga kitambaa chake kichwani, akaingia ndani.

Nje watu wakalipuka. Wengine wanalia, wengine wanapiga vigelegele kwa mkono mdomoni ili visisikike kwenye simu. Mimi nilikaa pale pale kwenye kigoda nikalia mpaka kamasi. Sina aibu kulisema.

Alitoka amebadilisha nguo, ana mfuko mkononi. Unga ulioletwa kwa ajili ya kilio wakamfungashia, na maziwa ya mgando kwenye kidumu, na kuku wawili. Akasimama mbele yangu. Nikasimama.

"Sikushukuru," akasema.

"Ndiyo mama."

"Usije ukadhani umenisaidia. Leo nimemlilia mtoto wangu akiwa hai, na hilo halitoki." Halafu akasema na watu wote, kwa Kisukuma na kwa Kiswahili ili nami nisikie. "Masanja asijue. Asijue kengele, asijue nimelia. Ajue mama yake amempigia simu kwa sababu alitaka kumpigia. Basi."

Akapanda boda, akaenda barabarani kutafuta basi la Mwanza.

Nikadhani nimemaliza. Mama Kulwa akanishika mkono. "Sasa nyumba nyingine."

Maana kengele ile inasikika vijiji vitatu, na si wote waliofika kanisani. Kuna wagonjwa, kuna wazee, kuna waliokuwa mbali bondeni. Kila nyumba iliyosikia ilikuwa bado inasubiri jina. Na sasa kulikuwa na maneno mawili ya kupeleka: hakuna aliyekufa, na Masanja asijue.

Sehemu kubwa ya likizo yangu iliishia huko. Siku tatu, wakuu. Tunaanza asubuhi, tunarudi jua linazama, nalala kwa Mama Kulwa, nakula ugali na michembe yake, na hakuna siku aliyoniomba hata mia. Kila mlango ni shikamoo, au mwadila kwa wale wa Kisukuma, halafu nasema yale yale. Ni mimi niliyegonga.

Kuna mzee alicheka mpaka akakohoa, akaniomba nimwonyeshe ile video. Nilikuwa nimeshaifuta. Kuna mama ana vijana watatu machimboni, tulimkuta ameshawapata wawili kwenye simu, wa tatu haipatikani tangu jana yake. Tulikaa naye mpaka akapatikana. Yule kijana akamfokea mama yake kwa kumsumbua, na mama akawa anacheka tu. Kuna dada alifungua mlango, akanisikiliza, akafunga bila neno. Na yule mzee wa swali la shamba, nilimpalilia mistari miwili, akaniambia inatosha kijana, unakata mahindi.

Nyumba moja mwenyewe akasema wao hata hawakusikia kengele. Mama Kulwa akasema, basi sasa mmeshajua, nanyi mnyamaze.

Nilirudi Isaka nimeungua na jua na viatu vimekwisha.

Mwezi wa sita nikarudi kule. Sikwenda kutalii, nilikwenda kusalimia. Mama Kulwa akaniambia Masanja ameruhusiwa, yuko kwa mama yake, twende.

Tulimkuta amekaa uani, magongo mawili kando, anapukuchua mahindi. Kijana mzuri, mcheshi, anaongea kuliko mimi. Mama yake alinijua tangu nikiwa mbali. Hakushtuka. Akasema tu, "Karibu mgeni," akaingia jikoni.

Masanja akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia mtalii, nilikuja kuona mnara.

"Watu mnapenda minara," akacheka. Basi tukaanza stori. Akanieleza habari ya ng'ombe, hakujitetea. Akanieleza duara, vumbi, giza, jinsi alivyosikia kifua kinabanwa. Halafu akashusha sauti ili mama yake asisikie.

"Unajua kilichoniponya ni nini? Siyo dawa. Watu walimbembeleza huyu mama wiki sita, akakataa. Nikakata tamaa, nilikuwa hata uji naukataa. Siku moja tu, mchana, hakuna aliyemwambia chochote, hakuna aliyemshauri, akapiga simu mwenyewe. Akaniuliza nimekula. Mwenyewe tu, ndugu yangu, kutoka moyoni mwake."

Nikamtazama Mama Kulwa. Alikuwa anaangalia kuku.

"Kweli," nikasema. "Mama ni mama."

Mama Masanja alikuwa amesimama mlangoni na sahani. Alikuwa amesikia yote. Akaja akaniwekea chakula, kwangu kwanza, halafu kwa mwanawe, akakaa chini kati yetu akaanza kupukuchua naye.

Wakuu, nimefikiria sana nini nimejifunza. Ninyi mtasema: lipa kiingilio, sikiliza mwenyeji. Sawa, na hilo lipo. Sasa hivi nikifika mahali nalipa bei kamili na nauliza maswali mpaka wenyeji wananichoka.

Lakini ninachokifikiria zaidi ni vile vijiji vitatu. Mimi nafanya kazi mahali ambapo ukimwambia mtu siri saa mbili, saa nne inakurudia ikiwa na mkia. Kule wamekaa na jambo zito kama lile, watoto kwa wazee, na Masanja anapita katikati yao na magongo yake kila siku, na hakuna aliyelitamka. Wanamwona anavyojisifia mama yake, wanaitikia.

Kwa hiyo karibuni mchangie. Mnitukane kidogo, nimestahili. Ila kama wewe ni wa upande ule na umeshaitambua hiyo nyumba, nakuomba kama nilivyowaomba wengine mlangoni kwao: usiitaje hapa. Masanja naye ana simu.